Kupigia stili ya pedali kwenye amplifaya ya besi: nguvu ipo, mbona sauti inatoka puani?

Kidole_Chuma

Wakuu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo lililonisumbua kwa miezi miwili sasa. Ninapiga gitaa la stili, lile linalolazwa mbele ya mpigaji na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi; langu lina nyuzi 10, tyuni (mpango wa noti za nyuzi) ya E9, na pedali tatu na nyenzo nne za magoti za kupandisha au kushusha noti za nyuzi. Kwa miaka mingi nimetumia Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu yenye wati 85 na spika mbili za inchi 12, ambayo utamu wake kila sikio linaujua na uzito wake kila mgongo unaujua. Mgongo wangu umekwisha kutoa uamuzi. Nimeazima kwa mpiga besi wa bendi yetu kichwa cha amplifaya (amplifaya isiyo na spika) cha daraja D, aina nyepesi ya kisasa isiyo na valvu, chenye wati 500 kwenye omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika), pamoja na boksi lake lenye spika moja ya inchi 15 na twita ndogo, yaani spika ya sauti za juu. Kichwa chenyewe hakifiki kilo tatu. Nilipanda nacho jukwaani nimekibana kwapani kama daftari.

Kwa upande wa nguvu sina ugomvi nacho. Nimepiga nyimbo za taratibu, zile ambazo noti moja hushikiliwa mpaka mwimbaji amalize mstari, na hakuna mahali sauti ilipokwaruza wala kupasuka. Tatizo ni umbo la sauti yenyewe. Uzi wa tatu, ambao kwenye stili ndio ulimi wa kuimbia, unatoka kama mtu anayesema huku amebana pua. Nikipunguza sauti za kati kwa kitufe kilichopo, pua inafunguka kidogo, lakini gitaa zima linarudi kinyumenyume na kujificha nyuma ya gitaa la ridhimu. Nikiifungua twita, nasikia kila mkwaruzo wa kucha za chuma nilizovaa vidoleni na kila msuguano wa chuma cha mkono wa kushoto juu ya nyuzi nene zilizosokotwa, mambo ambayo msikilizaji hana haja ya kuyajua.

Kuna na kioja kingine. Ninapochuna kwa nguvu, sauti inasinyaa kwanza, kisha baada ya kitambo kifupi inajiinua yenyewe, kana kwamba kuna mtu wa pili ameweka mguu wake kwenye pedali yangu ya volyumu.

Je, hayo ndiyo maumbile ya amplifaya za besi, au ni mimi nisiyejua kuipanga? Ninauliza kabla sijafungua pochi.

Nyuzi_Nne

Ndugu Kidole_Chuma, mimi ni mpiga besi. Stili huitazama kwa mbali na kumwonea huruma anayeipiga kwa mikono, miguu na magoti kwa wakati mmoja. Hicho kioja cha mwisho nakifahamu. Vichwa vingi vya besi vya kisasa vina limita, yaani kidhibiti kinachobana vilele vya sauti, na baadhi vina kompresa ya kusawazisha sauti juu yake, kwa sababu besi ina vilele vikali na sisi tunapenda vilainishwe. Tafuta swichi yake uizime, na kama kompresa ni ya kitufe cha kuzungusha, irudishe hadi sifuri. Tazama pia kama kuna kitufe cha kubadili umbo la sauti kwa mpigo mmoja. Vitufe hivyo kwa kawaida huchimba sauti za kati na kuinua besi na trebo, navyo viliwekwa kwa ajili ya wapigao nyuzi kwa dole gumba, si kwa ajili yako.

Fundi_Solda

Mkuu Nyuzi_Nne amegusa penyewe. Nami nitaongeza sababu, kwa kuwa anayeijua sababu hana haja ya kukariri mpangilio wa kila amplifaya atakayokutana nayo.

Stili haipigwi kama gitaa la kawaida. Mpigaji huchuna uzi pedali ya volyumu ikiwa katikati ya safari yake, kisha kadiri uzi unavyofifia ndivyo anavyoisukuma pedali mbele, ili msikilizaji aisikie noti ileile ikidumu kwa kimo kilekile. Tuseme mwishoni mwa noti mguu umekwisha kuongeza desibeli 20. Sasa mpigaji achune noti mpya kabla hajaurudisha mguu: mchuno huo utaifikia amplifaya ukiwa desibeli 20 juu ya ule uliotangulia, na desibeli 20 ni nguvu mara 100. Kama noti yako ilikuwa ikidumu kwa wati 2 tu, kilele hicho kinadai wati 200. Hii ndiyo sababu amplifaya zilizoundwa mahususi kwa stili zilikuwa na nguvu nyingi. Peavey Nashville 400 ilitoa takriban wati 210 kwenye spika moja ya inchi 15. Fender Steel King ilikuwa ya wati 200, nayo kwa inchi 15. Mpiga roki huitaka amplifaya izidiwe. Mpiga stili huikimbia hali hiyo, kwa kuwa anapopiga noti tatu kwa pamoja huku moja ikipandishwa kwa pedali, mkwaruzo wa amplifaya iliyozidiwa huzaa sauti za ziada zisizopatana na hata moja ya zile noti tatu.

Kwa hiyo katika suala la nguvu, kichwa cha besi kinakufaa kabisa. Limita, kwa upande wake, inafanya kazi kinyume na mguu wako: wewe unaongeza ili noti idumu, yenyewe inapunguza kwa kuwa imeona kilele, na inapoachia ndipo unaposikia sauti ikijiinua bila ruhusa. Izime. Vipo vichwa ambavyo limita yake ya mwisho haizimiki kwa kuwa inailinda hatua ya nguvu na spika. Hiyo haina madhara kwako, maana huamka tu pale wati zinapokaribia kwisha, na kwa wati 500 hutafika huko.

Nije kwenye pua, ambako nadhani umeituhumu amplifaya isiyo na hatia. Pikapu ya stili, yaani kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi, hufungwa waya mwingi sana. Nyingi husoma karibu kiloomu 17 hadi 20, wakati pikapu ya koili moja ya gitaa la kawaida husoma kama 6 au 7. Waya huo mwingi huongeza nguvu ya sauti na kuielemeza kwenye sauti za kati. Sasa, Twin yako, hata ukiviweka vitufe vyote katikati, mzunguko wake wa toni huchimba shimo kwenye maeneo ya hezi 400 hadi 500. Shimo hilo limo ndani ya usanifu wake. Kichwa cha besi cha kisasa, vitufe vikiwa katikati, hakichimbi chochote. Umezoea kusikia pikapu yako ikiwa imekwisha kunyolewa bila wewe kuambiwa, na sasa kwa mara ya kwanza unaisikia jinsi ilivyo.

Sababu ya gitaa kujificha ulipopunguza sauti za kati ni hesabu nyepesi. Uzi wa tatu wa E9 ukiwa wazi ni G#, hezi 415. Kwenye freti ya 12 ni hezi 831. Kwa maneno mengine, wimbo wako unaishi katika mtaa uleule wenye pua. Kitufe kimoja cha sauti za kati chenye kukata eneo pana kitaiondoa pua pamoja na uso. Kama kichwa kinakuruhusu kuchagua masafa, anza na hezi 500, kata desibeli 5 au 6, kisha sogeza polepole kuelekea 800 huku ukipiga uzi wa tatu na wa tano pamoja kati ya freti ya 3 na ya 12. Utafika mahali ambapo sauti inapumua. Simama hapo, na kama kuna namna ya kupunguza upana wa eneo linalokatwa, ipunguze. Ikiwa kichwa hakina uwezo huo, ekwalaiza (kifaa cha kupandisha na kukata masafa ya sauti) ya pedali itakufanyia kazi hiyo vizuri zaidi kuliko vitufe vyote vya mbele.

Jambo la mwisho kwa leo: tafuta kichujio cha kuzuia sauti za chini. Uzi wako wa chini kabisa, wa kumi, ni B ya hezi 123. Kilicho chini ya hapo ni vishindo vya pedali, mlio wa nyenzo za magoti na mtetemo wa sakafu. Kiweke kichujio kati ya hezi 80 na 90, na utashangaa jinsi sauti inavyosafishika bila kupoteza noti hata moja.

Valvu_Moto

Kwa heshima zote, naona tunamfundisha mtu kutibu ugonjwa aliojitafutia. Amplifaya ya besi ilibuniwa kwa chombo ambacho uzi wake wa chini ni hezi 41, na kwa besi za nyuzi tano ni hezi 31. Mwenzetu analipia uwezo wa kutoa noti asizo nazo, kisha analipia kichujio cha kuziondoa. Halafu analipia ekwalaiza ya kuchimba shimo ambalo Twin inalichimba bure. Na bado hajataja kwamba vichwa hivyo havina rivabu, wakati stili bila mwangwi ni kama mtu anayeimba ndani ya kabati la nguo.

Kuna kitu pia ambacho vipimo havikionyeshi. Amplifaya ya valvu inapokaribia mwisho wa nguvu zake hulainisha kilele kwa upole. Kichwa cha daraja D ni sawasawa na ngazi: unakwenda, unakwenda, kisha ngazi imekwisha.

Mguu_wa_Nane

Ndugu Valvu_Moto, usemi wako kuhusu noti asizo nazo unawahusu wapigaji wa E9 peke yao. Mimi napiga shingo ya C6, tyuni nyingine ya stili, ambayo uzi wake wa kumi ni C ya hezi 65, na nikikanyaga pedali ya nane uzi huo unashuka hadi A ya hezi 55, noti ileile ya uzi wa tatu wa gitaa la besi ukiwa wazi. Wenye gitaa la nyuzi 12 la mfumo wa pamoja, yaani E9 na B6 kwenye shingo moja, uzi wao wa mwisho ni B ya hezi 62. Amplifaya nyingi za gitaa hunitolea noti hizo kama kikohozi. Kwenye boksi la besi zinatoka na mwili wake wote.

Historia nayo haiko upande wako kikamilifu. Fender Bassman ilitoka mwaka 1952 kwa ajili ya gitaa la besi, mwaka mmoja tu baada ya besi yao ya Precision, na wapiga gitaa wakaipora. Toleo lake la spika nne za inchi 10 la mwishoni mwa miaka ya 1950 ndilo Jim Marshall na mafundi wake walilolichukua kama kiolezo cha amplifaya yao ya kwanza. Hiyo sauti ya valvu unayoitetea imepita kwenye mlango wa besi.

Valvu_Moto

Nakubali kuhusu C6, na kuhusu Bassman sina la kusema. Hata hivyo, Bassman ile ina mzunguko wa toni wa kizamani wenye shimo lilelile alilolieleza Fundi. Haikufaulu kwa sababu ilikuwa ya besi. Ilifaulu kwa sababu haikuwa besi ya kutosha.

Fundi_Solda

Hapo mkuu umesema vizuri, na umenifungulia mlango wa jambo ambalo nililiacha makusudi: tumezungumzia kichwa, lakini kwa maoni yangu theluthi mbili za malalamiko ya Kidole_Chuma zinatoka kwenye boksi.

Spika ya gitaa na spika ya besi zinaweza kuwa na kipenyo kimoja na zisiwe hata ndugu. Ya gitaa ina koni nyepesi, hupandisha sauti zake kati ya kilohezi 2 na 4, kisha huporomoka haraka baada ya 5. Mporomoko huo ndio unaoficha mikwaruzo ya kucha na chuma. Ya besi ina koni nzito na koili ndefu ili iweze kusafiri mbele na nyuma kwa noti za chini. Inaanza kuchoka mapema, mara nyingi ikishapita kilohezi 2, na mtengenezaji huziba pengo kwa twita. Twita haichoki kamwe. Kwa hiyo stili yako inagawanywa: mwili unakwenda kwa spika isiyo na uwazi, mikwaruzo inakwenda kwa twita isiyo na huruma, na lile eneo la kilohezi 2 hadi 4 ambamo stili hung'aa linabaki bila mwenyewe. Ukiizima twita unapata blanketi, ukiiwasha unapata kisu.

Pili, usidanganyike na wati. Boksi nyingi ndogo za besi hutoa desibeli 93 hivi kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1, kwa kuwa uzito wa koni na udogo wa boksi vinalipwa kwa ufanisi. Spika nzuri ya gitaa hufika 100. Tofauti ya desibeli 7 ni nguvu mara 5, hivyo wati 300 kwenye boksi la kwanza ni sawa na wati 60 kwenye la pili. Yupo mtu atakayekuambia kuwa kichwa chake cha wati 300 kimeshindwa na Twin ya wati 85, nawe utadhani ni uchawi wa valvu.

Tatu, spika kubwa huelekeza sauti za juu mbele yake kama tochi. Kwa inchi 15 hali hiyo huanza kwenye maeneo ya hezi 900, kwa inchi 12 karibu na 1,100. Boksi likiwa sakafuni nyuma yako, tochi hiyo inamulika ndama za miguu yako, nawe uliyekaa kitini unasikia kilichobaki. Unaongeza trebo, na aliyesimama mbele anachomwa masikio. Liinamishe boksi kwa nyuma au liweke juu ya kiti kabla hujagusa kitufe chochote. Kuliinua kutoka sakafuni pia kunapunguza uzito wa sauti za chini ambao sakafu huuongeza.

Ushauri wangu ni huu: kichwa kibakize, boksi libadilishe. Tafuta boksi lenye spika ya inchi 12 ya gitaa yenye uwezo wa kubeba nguvu kubwa bila kukwaruza, au ya inchi 15 iliyotengenezwa kwa ajili ya stili. Eminence wanazo mbili za aina hiyo, EPS-12C na EPS-15C. Zamani wapigaji walipendelea JBL D130 ya inchi 15. Haikuwa spika ya besi hata kidogo, ingawa kwa macho tu mtu angedhani hivyo.

Mgeni_Jukwaani

Samahanini, swali la mwanafunzi. Je, stili inaweza kuiharibu amplifaya ya besi?

Nyuzi_Nne

Hapana, mdogo wangu. Hatari ipo upande wa pili, pale mtu anapopiga besi kwenye spika ya gitaa, kwa sababu koni yake haikuumbwa kusafiri umbali huo. Wewe angalia omu tu. Kama kichwa kimeandikwa kuwa kiwango cha chini ni omu 4, boksi mbili za omu 8 kwa pamoja zinakubalika, na boksi mbili za omu 4 hazikubaliki. Kumbuka pia kwamba kichwa cha wati 500 kwenye omu 4 kitatoa kiasi kama 250 au 300 kwenye boksi moja la omu 8. Usilalamike kuwa umeibiwa.

Kidole_Chuma

Wakuu, nimerudi na majibu ya mazoezi ya wiki mbili.

Limita niliizima siku ileile na yule mtu wa pili akaondoka kwenye pedali yangu. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote na naona haya kuwa sikuligundua mwenyewe.

Boksi la inchi 15 nililiinamisha, nikakata desibeli 6 kwenye hezi 600, nikaifunga twita kabisa, na kichujio cha chini nikakiweka kwenye hezi 90. Pua iliondoka. Sauti ilikuwa ya heshima kwa nyimbo za polepole, hasa kwenye nyuzi za chini, lakini juu ya freti ya 12 bado ilikuwa na ukungu ambao hakuna kiasi cha trebo kilichoweza kuufuta. Nikaifungua twita robo tu, ukungu ukapungua na mikwaruzo ikarudi. Kisha nikachukua boksi tupu la inchi 12, nikaweka spika ya gitaa ya omu 8 yenye ufanisi wa desibeli 100, bila kugusa kitu kingine. Nilipochuna uzi wa tatu na wa nne kwenye freti ya 15 nilijua neno la Fundi kuhusu boksi halikuwa la kutia chumvi. Kwa omu 8 nimebaki na kama nusu ya wati zilizoandikwa, na bado sauti ni kubwa zaidi kuliko kwenye boksi la besi.

Kilichobaki ni viwili. Mwangwi nimeuweka kwa pedali ya rivabu, lakini nikiiweka kabla ya kichwa, mkia wa mwangwi unabadilika kila ninapogusa geni (kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti inayoingia). Na nimegundua kuwa pedali ya volyumu ikiwa katikati, sauti inafifia trebo. Nikiikanyaga mpaka mwisho, trebo inarudi. Kwenye Twin sikuwahi kuliona jambo hilo, au labda lilikuwepo na nikalipenda.

Fundi_Solda

Rivabu iondoe mbele, uiweke kwenye matundu ya nyuma ya kutolea na kurudishia efekti. Hapo inapokea sauti ambayo imekwisha pangwa na toni, na geni haitaisumbua tena. Usisahau kuwa pedali ya volyumu lazima ibaki kabla ya rivabu, ili mkia uendelee kulia hata ukiinua mguu.

Kuhusu trebo, lilikuwepo na ulilipenda. Pedali nyingi za volyumu za stili zina potenshiometa (kikinzani kinachobadilika) ya kiloomu 500. Ikiwa katikati ya ukinzani wake, chanzo cha sauti kinachoelekea kwenye kebo kinakuwa na ukinzani wa karibu kiloomu 125. Kebo ya kawaida ina kapasitansi (uwezo wa kushika chaji ya umeme) ya karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Kwa mita 5 ni 500. Viwili hivyo kwa pamoja ni kichujio kinachoanza kukata trebo kwenye hezi 2,500 hivi, yaani katikati ya eneo lilelile linaloipa stili mng'ao. Kwenye Twin kebo yako huenda ilikuwa fupi, au mng'ao wa amplifaya ulifunika pengo.

Dawa zipo kadhaa, na ya bei nafuu kuliko zote ni kufupisha kebo inayotoka kwenye pedali. Ikiwa kichwa kiko mbali, weka bafa (kifaa kidogo kinachoimarisha mawimbi ya sauti) mara tu baada ya pedali, nayo itaisukuma kebo ndefu bila kupoteza kitu. Wengi huweka bafa kabla ya pedali, karibu na gitaa. Hiyo inaikinga pikapu isielemewe na potenshiometa, ambalo ni jambo jema, lakini haiondoi zile kiloomu 125 zinazotazama kebo. Ukitaka kwa njia hiyo, badilisha pia potenshiometa yenyewe iwe ya kiloomu 50 au chini yake, lakini usiiweke ndogo hivyo bila bafa mbele yake, maana itaikaba pikapu. Hakikisha pia unatumia tundu la kuingizia la kawaida la kichwa. Lile lililoandikwa kuwa ni la besi zenye betri hupunguza sauti kwa desibeli kadhaa, na kwenye baadhi ya vichwa lina ukinzani mdogo ambao pikapu ya kiloomu 18 haitaufurahia.

Valvu_Moto

Naona mnaelekea kujenga Twin vipandevipande. Kichwa, boksi la gitaa, ekwalaiza, rivabu, bafa. Vikiwekwa pamoja, mgongo umeokoa kilo ngapi?

Kidole_Chuma

Nimepima kwa mizani ya bafuni, mkuu, kwa kuwa nilijua utauliza. Kichwa, boksi na mfuko wa pedali kwa pamoja ni kilo 19, na ninavibeba kwa safari mbili, kila moja kwa mkono mmoja. Twin ni karibu kilo 30 za mpini mmoja. Hata hivyo sikubishii katika jambo moja: nikipiga peke yangu chumbani kwa sauti ndogo, bado naiwasha Twin. Kwa sauti ndogo nguvu ya akiba haina kazi, na ule utamu wake wa kuizungukia noti sijaupata kwingine. Jukwaani, ambako ngoma na besi vinafunika utamu huo lakini havifuniki noti inayokatika kwa kukosa nguvu, nakwenda na kichwa cha besi.

Kwa wanaotaka mahali pa kuanzia, hivi ndivyo nilivyo kwa sasa kwenye E9: geni saa nne (mshale ukielekea 10 ya uso wa saa), besi imepunguzwa kidogo, hezi 600 imekatwa desibeli 5 kwa eneo jembamba, trebo katikati, kichujio cha chini hezi 90, limita imezimwa, rivabu nyuma, kebo ya mita 2 kutoka kwenye pedali.

Mguu_wa_Nane

Wa C6 wasikinakili hicho kichujio. Kwenye hezi 90 uzi wa kumi na wa tisa unabaki na mlio bila msingi. Mimi naweka 45, na boksi ninalotumia ni la inchi 15 la stili, kwa kuwa la inchi 12 linatetemeka nikikanyaga pedali ya nane kwa nguvu.

Kidole_Chuma

Nyongeza fupi. Jana nilimrudishia mpiga besi wetu kichwa chake ili apige nusu ya kwanza ya onyesho, kwa kuwa changu bado hakijafika. Nyimbo tatu nzima alikuwa akinigeukia na kuonyesha kwa mikono kwamba besi yake imekonda, akabadilisha kebo, akabadilisha hata gitaa. Nilikumbuka kwenye wimbo wa nne: kichujio kilikuwa bado kwenye hezi 90.

Nyuzi_Nne

Mwambie nampa pole. Na mwambie ajifunze kutazama nyuma ya kichwa chake kabla hajabadilisha gitaa.